Pini Ana Miaka Mitano

Wazazi wa mtaa ule walikuwa na kawaida yao. Likizo ikibakiza wiki moja kwisha, ndipo wanapokumbuka, wote kwa pamoja, kwamba watoto wana miili na kwamba miili hukua. Hapo chumba cha Fundi hujaa mpaka mlangoni. Kila mtu ana kitambaa mkononi, kila mtu anataka sare kesho, na kila mtu anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Fundi hakujua kumkatalia mtu. Wote aliwaambia "acha hapo, njoo kesho," na ndiyo maana wote walimpenda na wote walimsema.

Sifa yake kubwa ilikuwa upindo. Mafundi wengine waliacha upindo wa kidole kimoja, mtoto akirefuka kidogo tu sare imemaliza kazi. Fundi aliacha vidole vinne. Sketi ya darasa la kwanza ilifumuliwa kidogo kidogo mpaka ikamfikisha mtoto darasa la tatu. "Nguo ishonwe mara moja," alikuwa akisema, "mtoto ndiye aongezeke." Nyuma ya mlango ilining'inia sare moja ambayo mteja hakuruhusiwa hata kuigusa. Ilikuwa ya bintiye, sketi na shati vya darasa la kwanza, upindo vidole vinne kamili na nusu ya ziada.

Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia alilala mumewe, mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji, ambaye mchana alikoroma bila kujali nani yupo. Mbele kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia na benchi la wateja. Na chini ya meza, juu ya rundo la vipande vya vitambaa, palikuwa makao ya Pini.

Jina hilo alipewa na wateja. Alipoanza kutambaa aliokota pini zilizodondoka na kumpelekea mama yake kiganjani, hata moja isiende mdomoni, na watu wakastaajabu. Jina la kuzaliwa likabaki la kuitiwa anapokosea. Sasa alikuwa na miaka saba. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, na mapya ndiyo kwanza yanachungulia.

"Pini, uzi umekatika."

Mtoto alichomoza, akailowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akafumba jicho moja, akasukuma. "Tayari, mama." Akarudi chini.

"Una msaidizi wewe," mteja mmoja akasema, na Fundi akacheka kama wanavyocheka watu wanaposifiwa.

Hakuna aliyeuliza kwa nini mwanamke aliyeshona tangu usichana wake atungiwe uzi na mtoto. Tundu la sindano lilianza kumkimbia Fundi miaka miwili nyuma. Kwanza alizilaumu sindano, kisha taa, kisha nyuzi za siku hizi. Kitambaa hakikumpa shida, maana vidole vyake vilikijua, alishona kama mtu anavyotembea gizani ndani ya nyumba yake. Lakini tundu la sindano halipapaswi. Miwani aliikwepa. Fundi akionekana na miwani wateja wataanza kukagua mishono, na anayetafuta kosa kwenye mshono hakosi kuliona.

"Usaili ni kesho?" aliuliza muuza nyanya, ambaye binti yake alilingana na Pini kama kifungo na kifungo. Wawili hao walikuwa wakicheza pamoja tangu hawajui kusimama.

"Kesho asubuhi."

"Na awali hakusoma. Mwenzio nimetoka kwenye kikao cha wazazi. Mwaka huu ni lazima. Mtoto asiyepita awali, darasa la kwanza halioni."

Mkoromo nyuma ya pazia ulikatika. "Lazima ya nani?" ikasema sauti ya Mlinzi. "Mimi sikusoma hiyo awali na nasoma gazeti mpaka kwenye matangazo ya vifo. Awali ni nyimbo na kupiga makofi. Nyimbo hata hapa anaimba."

"Samaki mkunje angali mbichi, shemeji."

"Mbichi sana hakunjwi, anavunjika. Niacheni nilale."

Benchi zima likacheka. Fundi alikanyaga pedali, akajifanya kelele za cherehani zimemziba masikio. Miaka miwili iliyopita, wenzake Pini walipopelekwa awali, yeye alisema atampeleka mwaka unaofuata. Darasa la awali lilifungwa kabla ya adhuhuri, alisema, na nani wa kwenda kumchukua katikati ya kazi? Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, na aliitoa kwa kila aliyeuliza. Ile nyingine, ya sindano, hakuitoa kwa mtu.

Mwaka uliofuata ulipofika, alisema hivyo hivyo.

*

Usaili ulifanyika kwenye veranda ya shule, meza moja, wazazi wamepanga foleni ukutani. Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na alikuwa amevaa sketi ya kijivu ambayo Fundi aliitambua kwa mbali, kwa kitambaa chake. Ilikuwa kazi ya mikono yake. Moyo ukamtulia. Alijiambia kwamba mtu hawezi kukufukuza huku amekuvaa.

Mwalimu Mkuu alimwita Pini kwa jina la kuzaliwa. Mtoto akageuka kumtazama mama yake, aone amekosa nini.

"Usiogope, njoo. Unajua kuhesabu?"

Pini akatikisa kichwa kwamba anajua.

"Haya, tuhesabie."

Akaanza. Hakukwama, hakuruka, hakuvuta pumzi. Alipita ishirini, akapita arobaini. Foleni ukutani ikaanza kusikiliza, na Fundi akashindwa kuuzuia mdomo wake usitabasamu. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Sitini. Akanyamaza.

"Endelea."

"Zimekwisha."

"Hazijaisha. Baada ya sitini inakuja ngapi?"

Pini akafikiri. Alitaka kujibu vizuri. "Hapo unageuza."

"Unageuza nini?"

"Upande wa pili. Unaanza moja tena."

Mwalimu Mkuu alicheka, si kwa ubaya, na foleni ikacheka pamoja naye kwa sababu foleni hucheka na mwenye meza. Fundi alifungua mdomo aeleze. Mtoto amejifunza kwenye utepe wa kupimia, ule wa mafundi, nao una inchi sitini; ukifika mwisho unaugeuza upande wa pili. Lakini kabla maneno hayajatoka akaona kwamba maelezo yenyewe ndiyo mashtaka. Mtoto mwenye miaka saba amejifunzia namba chini ya meza ya kukatia. Akaufunga mdomo.

Wakampa penseli. Pini aliilaza kati ya vidole kama chaki ya fundi, akachora mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingo wa karatasi hadi ukingo mwingine, akaiweka penseli chini. Alimaliza. Hakuna mtu aliyewahi kumtaka achore kitu kingine.

"Mama," alisema Mwalimu Mkuu, "huyu si mjinga. Ningesema ni mjinga ningekuwa naongopa. Lakini kalamu hajawahi kuishika. Mwaka jana nilipokea watoto wa namna hii, nikasema watazoea. Wengine mpaka tunafunga shule walikuwa hawajui kuandika majina yao, na waliojua walikaa kuwasubiri. Darasa la kwanza lina watoto tisini na mwalimu mmoja. Nani atamshika huyu mkono?"

"Nitamshika mimi nyumbani, Mwalimu."

"Miaka miwili yote ulikuwa umeshika nini?"

Fundi alimvuta Pini karibu.

"Basi nimpeleke awali, Mwalimu. Aanze hata leo."

"Awali ni miaka mitano. Wa miaka saba hawaandikishwi, ndivyo kanuni ilivyo. Anayeachwa na awali na darasa la kwanza linamwacha." Mwalimu Mkuu alisema hayo taratibu, kama mtu anayesoma sentensi aliyoandika mwingine. "Kanuni hii sikuitunga mimi, lakini sitaki nikudanganye, naiunga mkono. Mngewaleta mapema tusingefika hapa."

Kisha akasimama kumwita anayefuata, na alipokuwa amesimama akakumbuka kitu. "Na Fundi, usichukie. Hii sketi yangu, hebu tazama mshono wa huku pembeni. Umepinda. Siku hizi unaharakisha kazi."

Fundi aliinama mbele ya foleni nzima akatazama. Aliona sketi. Aliona rangi ya kijivu. Mshono hakuuona, si ulionyooka wala uliopinda.

"Nisamehe, Mwalimu. Nitakurekebishia," akasema, na hakujua anaomba radhi ya nini.

*

"Kwa hiyo ni kosa langu," alisema Mlinzi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anafunga kamba za buti za kwendea kazini. "Mimi ndiye niliyesema awali ni nyimbo."

"Sijasema hivyo, Baba Pini."

"Hujasema. Ila nataka kuuliza kitu kimoja. Nikisema kitanda kikae huku, unabisha. Nikisema tusimkopeshe ndugu yako, unabisha. Nyumba hii sijawahi kusema neno ukaliacha lipite. Nilipokwambia mtoto asiende awali, mbona siku hiyo hukunibishia?"

Fundi alikuwa anakunja sare za watu. Aliendelea kukunja. Alikunja shati moja mara mbili. Mumewe alimtazama, akaitazama cherehani, akatazama mwisho wa uzi uliokuwa unaning'inia nje ya sindano tangu jioni kwa sababu Pini alikuwa ameshalala mapema kwa kulia.

"Alaa," akasema. Alichukua rungu lake akatoka, na Fundi angependa zaidi kama angemtukana.

Asubuhi yake alikuja Mjumbe wa mtaa. Alikuwa mtu wa makamo mwenye tumbo lililomtangulia nusu hatua, na kazi yake ilikuwa kujua nani anaishi wapi na watoto wangapi. Alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa, akamtazama Pini chini ya meza, akasema, "Huyu wa miaka saba, shule zikifunguliwa atakuwa wapi?"

"Shule imemkataa, Mjumbe."

"Hilo la shule. Mimi langu ni la nyumbani. Sheria inasema mtoto akitimiza miaka saba awe darasani. Shule zikifunguliwa tunapita nyumba hadi nyumba. Mtoto atakayekutwa nyumbani, mzazi anapanda kizimbani. Hakuna cha fundi wala mlinzi."

"Lakini nimempeleka! Nimempeleka mwenyewe, kwa miguu yangu, nimechekwa mbele za watu. Shule inasema hana awali. Awali inasema ana miaka mingi. Wewe unasema asikutwe nyumbani. Basi nimweke wapi? Nimning'inize nyuma ya mlango na sare yake?"

Mjumbe alikuwa mtu mwenye huruma, kwa kiwango ambacho huruma haimgharimu. Alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Mlipomzaa mlimwandikisha? Cheti mnacho?"

"Amezaliwa humu humu, nyuma ya pazia hilo."

"Kumbe basi mnalia bure. Mtoto asiye na cheti, umri wake naushuhudia mimi. Nikiandika mitano, ni mitano. Mnampeleka ile shule ya pili, ng'ambo ya barabara, ambako hawamjui. Anaanza awali, mimi namwona yuko darasani, Mwalimu anamwona ana miaka mitano, na sheria inalala usingizi wake." Akanyanyuka, akajipapasa kiuno. "Kuna suruali zangu mbili siku hizi zinanibana. Nitazileta uniongezee."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda: mtoto apunguzwe, suruali ziongezwe.

Mlinzi alisikia yote kutoka nyuma ya pazia. Mjumbe alipoondoka alisema, bila kutoka, "Miaka miwili ya mtoto kwa suruali mbili. Bei nzuri."

"Una njia nyingine?"

Kitanda kililia. Alikuwa amegeukia ukutani.

*

Somo lilifanyika mchana, mlango umefungwa, wateja wakaambiwa Fundi ni mgonjwa.

"Una miaka mingapi?"

"Saba."

"Mitano."

"Lakini ulisema nikitimiza saba nitavaa ile sare."

"Nilisema. Sasa nasema mitano. Una miaka mingapi?"

"Mitano."

"Hesabu."

Pini akaanza kwa kasi yake. Alipofika kumi mama yake akampiga kofi dogo mkononi. "Hapo hapo. Mtoto wa miaka mitano anaishia kumi. Tena asizijue zote. Ruka saba."

"Kwa nini saba?"

"Ruka tu."

"Tano, sita, nane," alisema Pini, na uso wake ukajikunja. Alikuwa amezoea kwamba ukiruka inchi moja nguo inaharibika.

"Mwalimu akikuuliza, nyumbani unajua kufanya nini?"

"Kutunga uzi."

"Hapana. Hujui kutunga uzi. Hujui kutia kifungo, hujui kuokota pini. Mtoto wa miaka mitano hajui. Sema."

"Sijui kutunga uzi. Mimi nina miaka mitano."

"Na usicheke ukiwa shuleni."

"Kwa nini?"

"Meno. Watoto wa miaka mitano wanayo yote."

Pini alipeleka ulimi kwenye pengo lake, akafunga mdomo. Wakarudia, na wakarudia tena. Alikuwa mwepesi wa kushika, kama ilivyo kawaida yake, na hilo ndilo lililomuuma Fundi zaidi. Miaka saba alikuwa amemjaza mtoto huyu kila alichokuwa nacho, na sasa anamfumua mchana mmoja. Kufumua hakujawahi kuwa kazi ngumu. Ni kuvuta uzi mmoja tu, na mwingine unafuata wenyewe.

Jioni alikata kitambaa cha mirabaraba cha gauni la awali. Alilishona pana na refu, ili mtoto azame ndani yake aonekane kidogo. Kitambaa chote kilikwenda kwenye urefu. Ikawa mara yake ya kwanza kushona nguo ya mtoto isiyo na upindo.

Muuza nyanya alikuja kuchukua sare ya bintiye, naye ndiye aliyegundua kwamba haijakatwa hata mkono. Shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake. Alianza kupaza sauti, na benchi likamwunga mkono, kila mtu akiwa na lake la kulalamikia. Fundi aliinuka, akatungua ile sare nyuma ya mlango, akampa.

"Hii si ya Pini?"

"Itamtosha wako. Wamelingana."

"Na upindo huu wote?"

"Chukua na upindo wake."

Pini alikuwa chini ya meza. Fundi hakuangalia huko.

*

Mwalimu wa awali wa shule ya pili alikuwa msichana mdogo, ndiyo kwanza ametoka chuoni, na aliwapenda watoto kweli. Alisoma maneno ya Mjumbe, akamtazama Pini juu mpaka chini.

"Mrefu kwa miaka mitano."

"Kwao kwa baba yake wote ni milingoti," alisema Fundi.

"Mdogo wangu, hebu pitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Ndivyo walivyotupima sisi. Asiyefika hajakua."

Hili hawakulifundishana. Mkono wa Pini ulikuwa mrefu, ungefika sikioni na kuvuka. Mtoto aliinua mkono, akaupitisha juu ya kichwa, na Fundi aliona kivuli cha kiwiko kikikunjwa, kidogo sana, kwa ndani. Vidole vikaishia juu ya sikio, vikapapasa hewa, vikashindwa.

"Bado mdogo," alisema Mwalimu kwa furaha. "Karibu darasani."

Huo ndio mtihani wa kwanza Pini aliofaulu.

Fundi alimwangalia akiingia. Viti vilikuwa vya chini sana, magoti ya Pini yakapanda mpaka karibu na kidevu. Mtoto mmoja mwenye kamasi akamwuliza kama yeye ndiye dada wa kuwafuta. Wakaanza kuimba. Pini aliimba amefumba midomo, sauti ikimtokea puani. Njiani, alipokuwa anarudi nyumbani peke yake, Fundi alipishana na binti wa muuza nyanya amechelewa shule, anakimbia, ile sketi ikimpiga magotini kwa uzito wa upindo. "Shikamoo, Mama Pini! Pini yuko wapi?" Fundi aliitikia shikamoo. Swali alilipita.

Siku zilizofuata kazi ilimzidi. Muhula ulikuwa umeanza, kulikuwa na waliochelewa, waliochaniwa na waliobanwa. Asubuhi hakuwa na mtu wa kumtungia uzi. Aligundua ujanja: kabla Pini hajaenda shule, anatunga uzi kwenye cherehani na kwenye sindano zote za mkono, hizi anazichomeka ukutani kwenye kipande cha godoro, na Fundi anazitumia moja moja mpaka ziishe. Zikiisha anakata vitambaa, anapiga pasi, anawapigisha wateja soga, mpaka mtoto arudi. Haikuwa mbaya. Alianza kufikiri kwamba huenda wakavuka. Mwaka mmoja tu, kisha darasa la kwanza. Atakuwa na miaka minane, kwenye karatasi sita, na nani atahesabu?

Hata Mlinzi alianza kulainika. Mchana mmoja alimwuliza Pini amejifunza nini, na Pini akamwimbia wimbo wa bata. "Si nilisema," akasema Mlinzi, lakini alimshika kichwa.

*

Siku yenyewe benchi lilijaa. Mjumbe alikuwa amekuja kuchukua suruali zake, ambazo zilikuwa zimebaki kidogo tu zikamilike. Muuza nyanya alikuwepo, na wengine wawili. Pini alikuwa amerudi kutoka awali, yuko chini ya meza na gauni lake la mirabaraba. Hapo mlangoni akaingia mtu mwenye kitambaa cha maua mkononi.

"Hodi. Nimesikia hapa ndipo kuna fundi wa upindo."

Alikuwa Mwalimu wa awali. Aliona mtoto chini ya meza, akafurahi. "Kumbe ni kwenu! Mama, mwanao ni mtulivu, hana matata. Ila hacheki. Sijui kwa nini hacheki."

"Ndivyo alivyo," alisema Fundi. "Kaa, Mwalimu. Namalizia suruali hizi za mzee."

Mwalimu akakiweka kitambaa mezani, akaketi. Fundi akakanyaga pedali. Cherehani ikala inchi chache za kiuno cha Mjumbe, halafu ikapiga tupu. Fundi hakufikiri. Mdomo wake ulikuwa umeshasema maneno yale kwa miaka, ukayasema wenyewe.

"Pini, uzi umekatika."

Pini alichomoza. Mkono wake ulikuwa tayari umeunyooshea uzi alipomwona Mwalimu. Ukasimama hapo katikati. Kisha akaurudisha nyuma ya mgongo, akakutanisha na mwenzake, akasema waziwazi, kwa midomo iliyobana meno, kama alivyofundishwa:

"Sijui kutunga uzi. Mimi nina miaka mitano."

Muuza nyanya alifungua mdomo, akamtazama Mjumbe, akaufunga. Mjumbe alikuwa anatazama dari.

Mwalimu alicheka kwa upole. "Haya, mama, umesikia mwenyewe. Mtoto wa miaka mitano na sindano wapi na wapi? Atajichoma. Tunga mwenyewe, sisi tunasubiri."

Fundi alimtafuta mwanawe usoni. Alitaka kujua kama mtoto yule anamtii au anamlipiza. Lakini kwa ukaribu ule alichokiona ni mirabaraba tu, na juu yake kitu cheusi chenye utulivu.

"Kweli," akasema. "Atajichoma."

Akaushika uzi. Akaulowesha kwa ulimi, akafumba jicho moja, akausogeza pale ambapo sindano ilipaswa kuwa. Ukapita pembeni. Akalowesha tena. Macho ya benchi zima yalikuwa kwenye vidole vyake. Ukapita pembeni tena. Mwalimu aliinama kidogo kutazama, kisha akakivuta kile kitambaa chake cha maua kutoka mezani, taratibu, akakiweka mapajani.

Pini alikuwa amerudi chini ya meza. Kutoka huko alimwona mama yake akiuchoma uzi hewani, mara kushoto kwa tundu, mara kulia, unywele mmoja tu kando. Angeweza kumwambia, sogeza kidogo, hapo hapo, sukuma. Hakusema. Mtoto wa miaka mitano hajui.